Kasindi: Tunamkataza mtoto kutoka usiku, kisha tunamchapa kwa sababu hakutoka

Juma lililopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa naelekea barabarani hapa Kasindi nikakutana na mtoto wa kiume wa miaka kama minane amebeba godoro kichwani. Godoro lilikuwa linadondoka maji. Nyuma yake walikuja watoto sita au saba wa mtaa, wakiimba "kikojozi, kikojozi" na kupiga makofi. Yeye hakulia. Alitembea macho chini, kama mtu anayeijua njia ile vizuri.

Nilimfuata hadi kwenye lupango. Godoro si lao, na nyumba si yao. Jamaa ile ilikimbia kutoka upande wa Halungupa, ikapokelewa na mama mmoja mwenye roho nzuri, na ninasema hivyo bila kumcheka, kwa sababu mtu anayekubali watu wanane waingie katika vyumba vyake viwili si mtu mubaya. Lakini ni yeye aliyeamuru godoro libebwe mbele ya watu. Akaniambia: "Muandishi, mimi sina ubaya na hawa watu. Lakini ule mutoto anatumalizia matela. Nimesema leo ni mwisho. Akikojoa tena, atalala jikoni."

Mama mzazi alikuwa amesimama kando ya mlango, ncha ya kikwembe mdomoni. Hakujibu kitu. Mgeni atajibu nini?

Nataka tukae kidogo juu ya neno hilo, jikoni. Ninyi wakaaji wa Kasindi munazijua jikoni zetu: kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, mara nyingi bila mlango, mafiga matatu na majivu. Na munaijua Kasindi. Tarehe 15 mwezi wa kwanza mwaka wa 2023, siku ya Yenga, bomu lililipuka hapa kwetu ndani ya kanisa, watu wakiwa katika ibada. Miezi mitano baadaye, usiku wa tarehe 16 mwezi wa sita, ng'ambo ya mpaka kwenye shule ya Lhubiriha, pale Mpondwe, wanafunzi waliuawa katika mabweni yao. Kutoka hapa ni mwendo wa miguu. Na katika inchi hii ya Beni, ambako tangu mwezi wa kumi mwaka wa 2014 watu wanauawa usiku kwa panga na kwa risasi, mtu mwenye akili timamu anasema mtoto akalale nje kwa sababu ya mkojo.

Siandiki haya ili kumshitaki mama huyo. Nimezunguka kwa jamaa nyingine tano tangu siku ile, za wahami na za wale waliowapokea, na katika tatu kati ya hizo tano nilikuta jambo lile lile, ila linafichwa. Kwa mmoja mtoto analala chini peke yake kwenye gunia. Kwa mwingine hapewi chai wala maji tangu saa tisa mchana, na jua la Kasindi munalijua. Kwa wa tatu, baba alinionyesha fimbo, imewekwa juu ya mlango, kama vile mtu anavyoonyesha dawa ya familia.

Sasa mimi ninawauliza wazazi swali moja. Kila jamaa ya wahami ninayoijua ina sheria zake za usiku. Taa izimwe mapema. Hakuna kusema kwa sauti. Ukisikia mbwa, nyamaza. Ukisikia mtu anaita jina lako nje, usiitike. Mlango haufunguliwi na mtu yeyote mpaka jua litoke, hata kama ni wewe Mama, hata kama ni wewe Papa. Watoto wetu wanazijua sheria hizo kuliko katekisimo. Tumewafundisha kwa machozi, na wengine tuliwafundisha wakiwa wamelala chini ya majani ya kakao, mkono wa mama ukiwafunika mdomo.

Kisha asubuhi tunamkuta amekojoa, na swali la kwanza linalotoka mdomoni mwetu ni: "Kwa nini hukutoka kwenda chooni?"

Atatoka namna gani? Choo kiko hatua thelathini, kinatumiwa na jamaa nne, na hakina mlango wala mwangaza. Mlango wa nyumba tulimkataza sisi wenyewe. Mtoto ametii sheria yetu ya kwanza, na sisi tunamchapa kwa ya pili.

Na hapo ninasema juu ya yule anayeamka. Wengi hawaamki kabisa, na si kosa lao. Wanganga wa watoto wamehesabu jambo hili kwa miaka mingi, katika inchi nyingi, na hesabu zao zinakaribiana. Kati ya watoto 100 wa miaka 5, karibu 15 bado wanakojoa usiku. Wakifika miaka 7, wanabaki kati ya 5 na 10. Hata kwenye miaka 15 unamkuta mmoja au wawili. Kila mwaka unaopita, karibu 15 kwa 100 ya wale wanaokojoa wanaacha wenyewe, bila fimbo na bila mizizi. Chukua darasa la pili la shule ya msingi lenye watoto 60, maana tunajua madarasa yetu yalivyojaa tangu wahami wafike. Humo ndani kuna watatu mpaka sita. Mwalimu anawaona kila siku. Pengine ni wale wanaokaa nyuma karibu na dirisha, wale ambao hakuna anayetaka kuketi nao dawati moja. Na hesabu hizo si za watu waliolala porini na kuona nyumba zikiungua.

Mwili unafanya kazi hivi: usiku, ubongo unatoa homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo. Kwa watoto wengine homoni hiyo inachelewa. Wengine wana kibofu kidogo. Wengine wanalala usingizi mzito, kibofu kikijaa hakiwezi kuwaamsha. Watoto wa kiume ni wengi kuliko wa kike. Na jambo hili linatembea katika damu: kama mmoja wa wazazi alikojoa utotoni, mtoto ana nafasi karibu 4 kwa 10, kama ni baba na mama wote wawili, inapita 7 kwa 10. Kwa hiyo wewe baba mwenye fimbo juu ya mlango, kabla ya kuishika, kamuulize mama yako mzazi wewe ulikuwa unalalaje ulipokuwa na miaka minane. Muulize mbele ya bibi yako.

Mimi sina haja ya kuuliza. Nilikojoa mpaka darasa la tano. Nilikuwa ninalala kwa koko yangu, mama wa baba, na yeye hakuwa amesoma hata darasa moja. Alikuwa anatandika majani makavu ya ndizi chini ya mkeka wangu, tabaka nene, na juu yake kipande cha kikwembe kilichochakaa. Asubuhi kabla wengine hawajaamka, anakunja majani yale, anayatupa kwenye shimo la mbolea shambani, anafua kile kitambaa, anakianika upande wa nyuma. Hakuwahi kusema neno. Hata leo sijui kama babu alijua. Siku nilipokauka hakusherehekea pia. Aliacha tu kuleta majani.

Ninaleta habari hiyo kwa sababu kila mara nikisema hewani kwamba mtoto mkubwa anaweza kuvaa nguo ya usiku isiyopitisha maji, kuna mtu anapiga simu na kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Ndugu yangu, majani ya ndizi ya koko yangu yalitoka Ulaya gani? Kazi ni ile ile: kuzuia mkojo usifike kwenye godoro, na kuzuia aibu isifike kwa majirani. Tofauti ni kwamba huku uhamishoni hatuna shamba la ndizi, na nyumba si yetu.

Nguo yenyewe haina siri. Ni kama chupi au kaptura iliyoshonwa kwa tabaka mbili. Nje ni kitambaa kisichopitisha maji. Ndani ni pamba inayonyonya. Mtoto anavaa anapokwenda kulala, anavua asubuhi, inafuliwa, inaanikwa, usiku inavaliwa tena. Za kiwandani zinauzwa katika miji mikubwa kwa bei ambayo sitaitaja hapa, ingeleta hasira tu. Lakini mbele ya maduka yetu kuna mafundi wenye mashini za kushona wanaokaa siku nzima wakingojea mtu alete suruali iliyopasuka. Kitambaa cha nje kinaweza kutoka kwenye koti ya mvua ya watu wa pikipiki, ile iliyopasuka mgongoni, sehemu nyingine bado nzima. Au kwenye mwavuli uliovunjika, kama bado unashika maji. Ndani, taulo la zamani au fulana za pamba zilizochakaa, tabaka nne au tano mbele na katikati ambako mkojo unapita, mbili nyuma. Lastiki kiunoni na kwenye mapaja, lakini ilegee: ukiona alama nyekundu asubuhi, imebana mno. Wa kiume aongezewe tabaka mbele.

Shona tatu kwa kila mtoto. Moja iko mwilini, moja iko juu ya kamba, moja inangojea siku ya mvua. Mbili hazitoshi katika majira ya mvua, nitarudi kwa hilo.

Chini ya mkeka weka kipande cha bashi, lile turubai la plastiki wanalotugawia kwa kujenga vibanda. Bashi ni gumu, halifai kuvaliwa, lakini chini ya mkeka linafaa sana. Na tafadhali, musimvalishe mtoto mfuko wa plastiki mwilini. Nimeona. Ngozi inaiva, inatoka vidonda, mtoto anatembea miguu wazi kama aliyekatwa. Mifuko ile pia mtoto mchanga anayelala kando anaweza kuivuta usoni ikamziba pumzi.

Kuhusu kufua: maji baridi kwanza, bila sabuni, mpaka harufu ipungue. Kisha sabuni. Kisha jua. Usichemshe na usipige pasi, kitambaa cha nje kitaharibika na kuanza kupitisha maji. Mtoto mwenyewe anaoga kwa sabuni asubuhi kabla ya kwenda shule, kila asubuhi, hata kama maji yamefuatwa mbali. Hapo ndipo tunaokoa masomo yake. Wenzake hawajui kilichotokea usiku. Wanajua harufu tu.

Wengine watasema: kwa nini taabu yote hiyo, na pampasi za kutupa zinavuka mpaka kila siku? Hesabu wewe mwenyewe. Moja kwa usiku ni 30 kwa mwezi, 365 kwa mwaka, kama mtoto ni mmoja. Zile za dukani nyingi ni za watoto wachanga, mtoto wa miaka minane hazimwenei. Na zikishatumika zinakwenda wapi? Shimo la choo linajaa, mvua inabeba zilizobaki mpaka Lubiriha. Nyumba ambayo mboga inanunuliwa kwa deni haiwezi kununua kitu cha kutupa kila asubuhi.

Kuna pingamizi moja ambalo ninaliheshimu. Mzee mmoja mwalimu aliniambia: mtoto akivaa nguo hiyo atazoea, hatasikia tena kama amelowa, atakuwa mvivu. Uvivu nimeshaueleza, mtu aliyelala si mvivu. Lakini kuhusu kuzoea, mzee ana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana ninasema wazi: nguo hii si dawa. Haiponyeshi. Inakinga godoro na inampa mtoto muda. Kila baada ya miezi michache, kwa mfano wakati wa likizo, mjaribu siku kadhaa bila nguo, bashi likiwa chini. Akikauka, vizuri. Asipokauka, anavaa tena, bila hotuba. Na kila usiku kabla ya kulala akojoe, hata akisema hana mkojo. Wekeni ndoo yenye kifuniko ndani ya nyumba, kwenye pembe, na mumuonyeshe kwamba ndoo ile ni yake na kuamka kwenda pale hakuvunji sheria ya mlango. Anywe maji asubuhi na mchana, mengi. Apunguze baada ya chakula cha jioni, na chai iachwe jioni. Anayepita siku mbili tatu bila kwenda choo kubwa, mumsaidie kwa mboga, matunda na maji, kwa sababu tumbo lililofunga linakibana kibofu.

Inchi za ng'ambo wana kengele. Huko Marekani watu wawili, Mowrer na mke wake, waliiandika mwaka wa 1938: tone la kwanza likidondoka kengele inalia, mtoto anaamka, baada ya wiki nyingi ubongo unajifunza. Wanganga wanaisifu, na wana haki. Lakini hebu fikirieni kengele inalia saa nane za usiku katika sekta ya Ruwenzori. Mtaa mzima utakuwa barabarani na vifurushi kichwani kabla mtoto hajafungua macho.

Sasa nije kwa wale wenye majibu ya haraka. Kuna wanaofunga uume wa mtoto kwa uzi au lastiki usiku. Hapa sitatafuta maneno ya heshima: hiyo inazuia damu, na mtoto anaweza kupoteza kiungo chake. Ukimuona mtu anafanya hivyo, usingoje asubuhi. Kuna wanaolisha watoto mizizi ambayo hata muuzaji haijui. Na kuna wachungaji, si wote, wanaotazama mtoto anayekojoa na kusema usiku anatoka kwenda mahali. Mashirika ya haki za binadamu yameandika zaidi ya mara moja jinsi watoto wengi wa barabarani huko Kinshasa walivyofukuzwa nyumbani kwa jina la uchawi, na kukojoa kitandani kulikuwa moja ya "dalili" walizotajiwa. Tusilete ugonjwa huo huku, tuna ya kwetu ya kutosha. Sheria ya inchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 2009, ile ya ulinzi wa mtoto, inasema kumsingizia mtoto uchawi ni kosa la kufungwa gerezani. Pasteur naye anaweza kufungwa.

Lakini nisiwaonee wazazi na wachungaji peke yao. Nimehudhuria ugawaji wa misaada mara nyingi mpaka ninaweza kutaja yaliyomo nikiwa nimefumba macho: bashi, mikeka, blanketi, sufuria, vidumu vya maji, sabuni. Kwa wanawake na wasichana, vitambaa vya hedhi vinavyofuliwa. Hilo la mwisho ni jambo zuri sana, na ninakumbuka wakati ambapo neno lile hatukuweza kulitaja hewani. Leo tunalitaja saa saba mchana, watu wanakula, hakuna anayestuka. Lakini sijaona hata siku moja fomu ya uchunguzi inayomuuliza mama: kuna mtoto wako anayekojoa usiku? Wanauliza idadi ya sufuria. Wanauliza watu wangapi wanalala katika chumba. Hawaulizi ni nani amefukuzwa katika chumba hicho. Ukiuliza unajibiwa kwamba hilo si jambo la dharura. Kwangu, jambo linalomtoa mtoto nje usiku Kasindi ni dharura kuliko sufuria ya pili.

Na wasiniambie kwamba haiwezekani. Jirani zetu wa Uganda wana AFRIpads, kampuni iliyoanza mwaka wa 2010 kule upande wa Masaka, inashona vitambaa vya hedhi vinavyofuliwa, na wanawake wa vijijini ndio wanaokaa kwenye mashini. Kitambaa kile kile kisichopitisha maji, pamba ile ile. Anayejua kushona kimoja anaweza kushona kingine kabla ya saa sita. Huku kwetu, Butembo na Beni, kuna wasichana wengi waliofundishwa ushonaji katika miradi ya misaada, wakapewa cheti na picha, kisha mashini zikafunikwa kitambaa kwa kukosa kazi. Hii hapa kazi. Shirika litakalogawa vifaa safari ijayo liagize suruali 500 za usiku kutoka kwa mafundi wa hapa, size tatu, na liongeze vipande vitatu vya sabuni kwa kila jamaa yenye mtoto wa namna hiyo. Na lisigawe hadharani kwa kuita majina kwenye kipaza sauti! Zifungwe ndani ya blanketi.

Neno moja la afya kabla sijamaliza, kwa sababu si kila mkojo ni wa kungojea. Mtoto aliyekuwa amekauka miezi sita au zaidi, kisha akaanza tena ghafla, apelekwe kwenye kituo cha afya. Vilevile yule anayelia akikojoa, mwenye homa, mwenye damu katika mkojo, anayekunywa maji bila kushiba na kukonda, au anayelowa mchana pia. Watoto wenye ugonjwa wa damu wa drepanositozi wanakojoa usiku kuliko wengine, kwa sababu figo zao haziwezi kubana mkojo. Hao maji musiwanyime kabisa, kuwanyima kunawaletea maumivu makali. Na kuna sababu nyingine ambayo ninaitaja kwa sauti ya chini: mtoto wa kike au wa kiume anayeanza kukojoa ghafla na kumuogopa mtu fulani, pengine ametendewa ubaya. Musimchape, na musimuulize mbele ya watu. Mumpeleke kwa munganga haraka, tena mbele ya saa 72 kupita kama ni jambo la juzi, kwa sababu dawa ya kumkinga na SIDA ina muda wake.

Mtoto yule wa godoro, nilirudi kumuona. Mama wa nyumba hakufurahi sana kuniona tena, lakini alinipa kiti. Mama mzazi na mimi tulikuwa tumekwenda kwa fundi mmoja barabarani, mama mwenye mashini ya miguu, tukiwa na koti ya mvua ya zamani ya shemeji yangu. Alicheka kwanza. Kisha akauliza mtoto ana kiuno cha ngapi, akakata, na kabla ya jioni akatupa mbili. Pesa alikataa, akasema na yeye ana mmoja nyumbani, wa miaka kumi na moja, na hajawahi kumwambia mtu.

Mtoto bado anakojoa. Karibu kila usiku. Godoro liko kavu tangu siku nane, na analala ndani pamoja na ndugu zake. Shida ni kwamba mvua ya jana ilinyesha kutwa, suruali zote mbili zikabaki zimelowa kwenye kamba, ikabidi usiku mmoja alale juu ya bashi tupu. Kitambaa cha suruali ya tatu tunacho. Tunatafuta lastiki.